Rasi Moja Kusini

Karatasi ilibandikwa ukutani kwa selotepu, pembeni ya kalenda ya msikiti, mahali ambapo kila anayeingia nyumba ya wageni ya Bi Batuli lazima aione. Ilieleza safari ya Agosti: siku nne, kutoka Kilwa Masoko hadi Sudi, kuangalia wanyama na ndege wa pwani. Chini kulikuwa na majina mawili. Kiongozi: Dionis. Dereva: Yahya.

Yahya aliisoma mara mbili, polepole, kama asomavyo kila kitu.

Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyekuwa akiwapeleka wageni wa Bi Batuli pwani ya kusini. Kazi hiyo hakuisomea. Alianza akiwa dereva wa gari la samaki, na kila alipoona kitu njiani alisimama, akatazama, akaandika kwenye daftari la shule: tarehe, mahali, mnyama gani, anafanya nini. Daftari la kwanza likajaa, akanunua la pili. Sasa alikuwa nayo saba. Majina ya ndege aliyatoa kwenye kitabu cha picha alichoachiwa na mgeni mmoja, kitabu kisicho na jalada, na wale ambao hawakuwamo aliwabatiza mwenyewe. Hakukumbuka mgeni hata mmoja aliyerudi Masoko akinung'unika kwamba hakuona kitu. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna karatasi iliyobandikwa ukutani, kwa hiyo hakuwahi kujua kwamba yeye ni dereva.

Bi Batuli, mama wa miaka sitini na kitu aliyeiendesha nyumba hiyo tangu mumewe afariki, alimweleza jambo lenyewe bila kumficha. Wageni wa safari hii ni kumi na mmoja, chama cha watazama ndege kutoka Dar es Salaam, watu wa vitabu na maswali mengi. Wameomba kiongozi mwenye cheti. Dionis anacho. Ni kijana wa Mtama, amesoma chuo cha wanyamapori, ana adabu zake. Safari ikienda vizuri, chama kitarudi kila mwaka na Dionis ataajiriwa moja kwa moja. Isipoenda vizuri, basi, kila mtu atarudi alikotoka na mambo yatakuwa kama zamani.

"Na mimi nafasi yangu iko wapi, Bi Batuli?"

"Kwenye usukani, Yahya. Nani mwingine nimpe?"

Alilisema kama mtu anayetoa zawadi. Yahya akashukuru. Alipotoka nje ndipo alipogundua kwamba katika maneno yote yale, sikio lake lilikuwa limeokota mawili tu: isipoenda vizuri.

Siku ya kwanza ya kupanga walikaa barazani. Dionis alikuja na ramani kubwa ya pwani iliyokunjwa vizuri, darubini shingoni na kalamu ya wino wa kijani. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mrefu, shati limechomekewa. Alisimama Yahya alipoingia, akamwamkia shikamoo, akamvutia kiti. Yahya alikuwa amejiandaa kuchukia majivuno yake, na majivuno hayakuwepo. Hilo lilimuudhi. Mtu akikunyang'anya kitu chako, angalau awe na sura ya kunyang'anya.

Dionis alisema yeye anajua wanyama, njia hajui. Kutoka Nangurukuru kushuka chini anaifahamu barabara ya lami peke yake, na ameiona kupitia dirisha la basi. Ikiwa mzee atakubali kumwonyesha mahali, yeye atatia nukta, na ramani hiyo yenye nukta ndiyo itakayochapwa, kila mgeni apewe nakala yake.

"Tuanze na kasa," alisema. "Wanatagia wapi siku hizi, mzee?"

Kasa walikuwa wakitagia kwenye mchanga wa rasi ya Mkungu. Pwani hiyo, mtu akitoka Kilwa kwenda Lindi, ni rasi baada ya rasi, pua za mawe zinazoingia baharini, na kati ya pua na pua kuna ghuba ya mchanga. Yahya alikuwa amekwenda Mkungu mwezi uliopita, akahesabu viota viwili. Kidole chake kikashuka kwenye ramani, kikafika Mkungu, kikapita bila kusimama, kikatua kwenye rasi inayofuata upande wa kusini.

"Hapa," alisema. "Chanjale."

Dionis akatia nukta ya kijani.

Yahya hakuwa amekusudia. Ndivyo alivyojiambia baadaye, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli, maana kidole kilifanya kilichofundishwa. Baba yake, marehemu Mzee Bashiru, alikuwa mvuvi wa mshipi. Mwamba wake wenye samaki aina ya changu aliujua kwa kupanga alama mbili za nchi kavu, mti fulani wa mvinje usimame sawa na pembe ya msikiti fulani, na alama hizo hakumwambia mtu. Kwenye mnada wa samaki watu walimuuliza changu wote hawa amewatoa wapi, naye aliwajibu kwa upole, akitaja rasi, kila mara rasi moja kusini ya ile yenyewe. Muulizaji alishukuru. Kama alikuwa na nia ya kwenda, alirudi rasi moja kaskazini kichwani mwake, akaanza kutafuta hapo. Wavuvi wote wa upande ule walijibu vivyo hivyo na wote walijua kurudi. Hakuna aliyeita uongo. Ilikuwa kama kuvaa nguo: mwili upo, kila mtu anajua upo, ila hauonyeshwi.

Basi kidole kilijifunza zamani. Lakini kidole hakikumlazimisha kuendelea, naye aliendelea. Ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, wale wanaokula kaa, aliwaweka rasi moja kusini. Viboko aliwatoa kwenye mkono wa mto wanakolala, akawatia kwenye mkono wa chini ambao ukikupwa hubaki tope. Tembo wanaoshuka kunywa karibu na mto Mbwemkuru aliwasogeza vivyo hivyo. Hata nyangumi, ambao mwezi wa nane huonekana kutoka juu ya jabali lolote lile, aliwatafutia jabali jingine. Kila mara nukta ya kijani ilitua kwa utulivu pale aliposema, na Dionis akaandika pembeni kwa mwandiko mdogo wa kupendeza: Mzee Yahya.

Kuna mahali Dionis alisimamisha kalamu. Aliuliza kama mzee anajua wale wala kaa huzaa wapi. Yahya akajibu kwa uangalifu kwamba hajawahi kuona kiota. Dionis akasema hata angetafuta maisha yake yote asingekiona, maana hawazai huku. Huenda mbali kaskazini, kwenye visiwa vya Uarabuni, wakachimba mashimo mchangani kama panya na kutaga yai moja ndani ya giza, kisha wanarudi hapa kula kaa wetu. Alieleza bila kujitutumua, mikono yake ikionyesha urefu wa shimo.

Yahya aliweka kikombe chake chini. Kwenye daftari la tatu, ukurasa ulioanza kuwa njano, aliwahi kuandika: "Wanazaa wapi?" na chini yake akaacha mistari miwili mitupu. Mistari hiyo ilikuwa mitupu kwa miaka kumi na mmoja. Sasa kijana huyu aliijaza kwa pumzi moja, kabla chai haijapoa.

"Na nguva?" Dionis aliuliza mwishoni. "Wageni wote wameniandikia kuhusu nguva. Chuoni walituambia karibu wameisha. Umewahi kumwona, mzee?"

"Sijawahi," Yahya alisema.

Nyumbani alikuta mkewe Zuhura anachambua korosho kwenye ungo. Zilikuwa nyeupe, nzima, zimebanguliwa vizuri. Zimeletwa na Dionis asubuhi, zimetoka kwa mama yake Mtama, na kijana mwenyewe hakutaka hata kuketi, alipiga hodi, akaamkia, akasema mzigo ni wa mama, akaondoka. Zuhura alilisifu jambo hilo kwa urefu. Akasema laiti Sadick wao angekuwa na nusu ya adabu hiyo. Sadick, mtoto wao wa pekee, aliuza simu Kariakoo na hakuwahi kufungua daftari hata moja la baba yake.

Yahya alienda kukaa mlangoni. Akalitoa daftari la tatu, akatafuta ule ukurasa, akajaza mistari miwili: Uarabuni, visiwani, shimo la mchanga, yai moja. Kalamu ilikuwa nzito. Alifurahi kujua, na furaha yenyewe ilimchoma, kwa sababu ilikuwa imetoka kwa yule.

Zuhura alimtazama mpaka akamaliza.

"Baba Sadick, una wivu wa mke mwenza."

"Wivu wa nini? Nimempa kila alichouliza."

"Umempa vipi?"

Zuhura naye alikuwa mtoto wa mvuvi. Yahya aligeuza ukurasa ambao haukuwa na haja ya kugeuzwa.

"Kama baba alivyonifundisha."

Mikono ya Zuhura ikasimama juu ya ungo. Aliongea taratibu, na hakukuwa na utani tena.

"Baba yako alikuwa akiwaambia watu wanaojua kurudi. Huyu mtoto wa watu katoka kwenye mikorosho. Atakwenda pale pale ulipomwonyesha, akae, asubiri."

Yahya akasema msafara una wiki mbili bado. Zuhura akasema vizuri, basi ana wiki mbili za kusema kweli, na akarudi kwenye korosho zake. Jioni ile alizikaanga kwa chumvi. Yahya alikula nne, akasema ameshiba, ingawa zilikuwa tamu kuliko za sokoni.

Wiki mbili hazikufika. Siku ya tatu ya kupanga, Dionis alimwambia Bi Batuli kwamba haoni vizuri kuwapeleka watu mahali ambapo yeye mwenyewe hajakanyaga. Ameazima pikipiki, atashuka na pwani siku tatu, aone kila nukta kwa macho yake, apime muda wa kutoka moja hadi nyingine. Bi Batuli akamgeukia Yahya kuuliza kama njia inafaa kwa pikipiki.

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Yahya alipaona kama mtu anavyoona mlango uliofunguliwa. Angeweza kusema, ngoja kijana, lete ramani, tuipitie tena. Badala yake akaona ile karatasi ukutani nyuma ya kichwa cha Bi Batuli, na neno lile moja mbele ya jina lake.

"Inafaa," alisema. "Achukue maji ya kutosha."

Dionis akamshukuru kwa kumkumbusha maji.

Siku ya kwanza Yahya aliitumia kuosha gari. Alipokuwa akisugua magurudumu aliyaona yote yatakavyokuwa: Dionis anarudi mikono mitupu, anamwambia Bi Batuli hakuna kasa, hakuna viboko, hakuna ndege. Bi Batuli anamwita Yahya. Yahya anainama juu ya ramani, anakunja ndita kidogo, anasema labda kijana hakuelewa, mahali penyewe pako hapa. Karatasi inabanduliwa, inabandikwa nyingine. Picha hiyo ilimpendeza sana alipoitazama mara ya kwanza. Aliirudia mara ya pili, na safari hii akamwona pia Dionis amekaa barazani na mfuko wake, akisubiri basi la kwenda Mtama, akisimama na kumwamkia. Akaacha kusugua.

Siku ya pili Zuhura alimuuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, ikiwa alimtahadharisha kijana juu ya tope la ule mkono wa chini. Ilikuwa siku ya bamvua, maji yanakupwa mbali sana, halafu yakirudi yanarudi kwa haraka. Kule juu wanakolala viboko kuna ukingo mgumu. Kule chini, alikomtuma, mtu huzama hadi mapajani.

Yahya alitoka uani na simu yake. Alipiga simu ya Dionis, haikupatikana. Akapiga tena baada ya adhuhuri, haikupatikana. Akajikumbusha kwamba upande ule hakuna mtandao, kijana si mtoto, na maji yakijaa mtu huyaona. Alasiri akawasha gari, akamwambia mkewe anakwenda Nangurukuru kutafuta tairi la akiba. Alifika njia panda, akaegesha karibu na wauza mahindi, akakaa ndani ya gari akitazama kila pikipiki iliyotokea upande wa Lindi. Zilipita nyingi. Moja ilikuwa na mbuzi, moja ilikuwa na magodoro mawili na mwanamke juu yake. Fundi mmoja anayemfahamu alimfuata dirishani kumuuliza anatafuta tairi la namna gani, na Yahya hakuweza kukumbuka namba ya matairi yaliyokuwa chini yake mwenyewe.

Alichokigundua pale kilimfadhaisha. Alikuwa akimwombea kijana arudi salama, kwa moyo wote, na katika dua hiyo hiyo alikuwa bado anaomba arudi bila kuona kitu. Maombi yote mawili yalipanda pamoja na hakuna lililomwachia mwenzake nafasi. Alirudi Masoko na mahindi manne ya kuchoma.

Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, Bi Batuli alimwita. Yahya alipofika barazani alimkuta Dionis ameketi, midomo imepasuka kwa chumvi, viatu vyake vimewekwa ukutani vikiwa vyeupe kwa tope lililokauka. Akasimama kama siku zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umefika salama?"

"Salama, alhamdulillahi kama mnavyosema wenyewe," Dionis alisema, na Bi Batuli akacheka, maana kijana alikuwa Mkatoliki.

Kisha Dionis akatoa taarifa. Viota vya kasa viwili, kwa hesabu yake vina kama wiki saba, kwa hiyo huenda vikaanguliwa wageni wakiwa huko huko. Ndege wala kaa arobaini na wawili, amewahesabu mara tatu. Viboko watano, mmoja na mtoto. Nyayo za tembo, mbichi, na kinyesi. Nyangumi mmoja aliyepiga mkia mbali. Kila kitu, alisema, kimekuwa kama Mzee Yahya alivyoeleza.

Bi Batuli akamgeukia Yahya kwa furaha. "Si nilikwambia? Yahya hakosei." Halafu akainuka kwenda jikoni kuangalia wali wake.

Yahya aliketi. Aliivuta ramani taratibu. Nukta zote za kijani alizozijua zilikuwa zimefunikwa kwa wino mweupe, matone madogo nadhifu, na juu ya kila moja, rasi moja kaskazini, kulikuwa na nukta mpya. Pembeni ya kila nukta mpya, kwa mwandiko ule ule mdogo: Mzee Yahya.

"Nani alikuambia?" aliuliza.

Dionis akaangalia mlango wa jikoni kwanza. Akaeleza kwa sauti ya chini. Siku ya pili alikaa Chanjale tangu asubuhi. Maji yalipokupwa alitokea mama mmoja wa Kiswere, anaitwa Bi Kadija, akitafuta pweza kwa kijiti, akamuuliza mwanangu umepotelewa na nini. Alipomwambia anatafuta kasa, akauliza nani kamwelekeza. Akajibu ni mzee mmoja wa Masoko, mtoto wa mvuvi.

"Akacheka mpaka akakaa kwenye mwamba. Akaniambia, ukielekezwa na mtu wa huko rudi rasi moja, mwanangu. Rudi rasi moja kila mara. Nikarudi."

"Na tope lile kwenye viatu?"

"Hilo nilianza nalo, kabla ya Bi Kadija. Nilikwenda kuonja mkono wa mto kwanza." Akavitazama viatu vyake. "Lilinifika hapa," akaonyesha paja, bila kulalamika, kama anavyoonyesha urefu wa shimo la ndege.

Yahya akauliza kwa nini hakumwambia Bi Batuli.

"Nimwambie nini, mzee? Kwetu uyoga ni hivyo hivyo. Bibi yangu amekufa hajasema alikokuwa akiuchuma. Ukimuuliza alikuonyesha kilima kingine, na wewe unajua si hicho. Nilipaswa kufikiri. Nilisahau kwamba nanyi lazima mtakuwa na uyoga wenu."

Wali ulinukia kutoka jikoni. Yahya alitazama mwandiko ule, jina lake mara tano, limewekwa pembeni ya ukweli ambao hakuutoa. Alikuwa ametarajia aibu na ilikuja, lakini haikuja peke yake. Chini yake, pale pale chini ya mbavu, kile kitu ambacho Zuhura alikiita wivu kilikuwa kimeamka kikali kuliko siku zote. Kijana alimzidi cheti. Akamzidi majibu. Mkewe akamsifu kwa korosho. Sasa amemzidi hata kwa ukarimu: amezama topeni kwa sababu yake, kisha akaosha jina lake na kulirudisha safi, bila kuomba neno. Yahya aliweza kuvumilia mengi, lakini hilo la mwisho lilimshinda.

Kwa hiyo alichofanya baadaye, asingependa mtu akiite wema.

"Nguva nimemwona," alisema.

Dionis hakusogea.

"Mara mbili. Mara ya pili alikuwa na mtoto. Mwaka wa nne huu sasa."

Akaweka kidole kwenye ramani. Safari hii alikiangalia kidole chenyewe mpaka kikafika, asije akakiamini. Kilitua rasi ya Nakimwera, upande wa kaskazini, kwenye ghuba ndogo ambayo mchoraji wa ramani hakuipa hata jina. Akaeleza yote. Kuna nyasi za baharini pale chini, pana kama uwanja wa mpira. Mtu aende bamvua likiwa limepita siku tatu nne, asubuhi, maji yakianza kujaa. Gari liachwe juu, injini izimwe, watu washuke kwa miguu, na asiongee mtu. Yeye hunyanyua pua tu, mara moja, kama mtu anayechungulia dirishani, kisha hurudi kula. Ukipepesa umemkosa. Kwenye daftari la sita ameandika tarehe zote, kesho atalileta.

Alipomaliza alijikuta anahema. Hakuwahi kuyasema maneno yale yote kwa mpigo.

"Nani mwingine anajua?" Dionis aliuliza.

"Zuhura. Na wewe."

Kijana akatazama tena mlango wa jikoni. Akachukua kalamu, akaondoa kifuniko. Yahya alijikaza kisabuni kuitazama siri yake ikigeuka wino wa kijani, ichapwe, igawiwe watu kumi na mmoja. Kalamu ikashuka Nakimwera. Ikapita. Ikatua kwenye rasi iliyofuata kusini, ile ya Mawe Mapana, ikaacha nukta ndogo.

Yahya aliinama kuhakikisha macho yake.

"Hapo hakuna kitu," alisema.

"Najua." Dionis alipuliza wino ukauke. "Wageni wataondoka na karatasi hizi. Watazipiga picha, watazitia mitandaoni. Mwakani kila mwenye boti atakuwa anazo. Karatasi iseme hapo, gari liende kule. Njia anaijua dereva."

Alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja cheo. Yahya alilisikiliza likipita, akasubiri limchome, na lilimchoma kidogo tu, kama mwiba uliokwisha kukatika.

Kilichomuuma kilikuwa kingine. Yeye mwenyewe, akiwa na miaka kumi, ilimchukua misimu miwili na makofi kadhaa ya Mzee Bashiru mpaka akaelewa jinsi ya kujibu kwenye mnada wa samaki. Huyu wa Mtama, siku tatu.

Aliitazama ile nukta kwa muda mrefu. Halafu akavuta kiti karibu, akanyoosha mkono, na Dionis akampa kalamu.

"Umeiweka ndogo mno," Yahya alisema. "Mtu akiiona ndogo hivi atajua unaficha kitu." Akaizungushia kalamu polepole, mara moja, mara mbili, mpaka ikawa nukta kubwa kuliko zote kwenye ramani, na pembeni yake, kwa herufi kubwa zilizonyooka, akaandika: Dionis.